Utepe wa Kijani kwenye Raketi ya Baba

Jumanne, tarehe 11 Februari, saa kumi na dakika kumi alasiri, Wening aliona uvimbe kwenye mzunguko wa sita wa utepe wa kijani.

Alikuwa barazani kwao, mjini Kudus, akivisha utepe mpya mpini wa raketi ya badminton ya marehemu baba yao. Mdogo wake, Ratri, angeitumia kesho yake saa tatu asubuhi kwenye mchujo wa kambi ya taifa, nafasi ya mwisho kwa umri wake. Nusu ya mtaa humletea Wening mipini. Huanzia kitakoni, huvuta utepe kwa nguvu ileile, kila mzunguko ukilalia uliotangulia kwa milimita mbili, na juu humalizia kwa kipande cha karatasi ya gundi. Hajawahi kuacha kikunjo.

"Huu wa zamani nautoa," alikuwa amesema.

"Usitoe, dada. Mpini utakuwa mwembamba. Halafu jasho la baba limo humo, litanipa bahati."

"Bahati gani inanuka hivi?"

"Kwako hata ua la waridi linanuka."

Basi akauvisha mpya juu ya wa zamani. Sasa akaurudisha nyuma, akavisha tena. Uvimbe ukahamia mzunguko wa tisa. Ulikuwa laini, wa vuguvugu, kama jipu lililoiva. Alipoubonyeza ukatoa majimaji ya manjano yenye harufu ya soksi mbichi, kisha kafuri, kisha udongo uliolowa. Akajifuta kwenye sketi, papo hapo akajuta.

Alipofunga tu ncha ya juu, Ratri alimnyang'anya raketi, akaipunga mara mbili, akiguna kwa kuridhika. Kisha akajaribu kuiachia.

"Dada, mkono hautoki."

"Acha utani."

"Sitanii."

Wening akavuta, na ngozi ya kiganja ikavutika pamoja na utepe kama utando wa maziwa, nyeupe, yenye makunyanzi ya mtu aliyekwisha kuoshwa kwa mazishi, naye akatafuta ncha ya utepe pale alipoifunga kwa mkono wake mwenyewe na asiione, akaipapasa juu na chini huku ute ukimjaa kwenye kucha, akachukua kisu akakata, na utepe ukachuruzika usaha, ukajifumba, na Ratri akalia kwa sauti ndogo kwamba kile kisu amekisikia nyamani mwake.

Bibi yao, Mbah Karsi, alitoka chumbani na vazi lake la sala.

"Harufu hiyo naijua," alinong'ona. "Nani alifungua vifundo vya sanda ya baba yenu?"

"Baba mkubwa Warsito ndiye aliyeshuka kaburini," alisema Wening.

Warsito alipoitwa alisimama mlangoni, hakuvua hata kofia.

"Ilikuwa mvua, mama. Kaburi lilijaa maji. Nilifungua cha kichwani na cha kiunoni."

"Na cha miguuni?"

"Kilikuwa kimezama." Akameza mate. "Niliona kinyaa kutia mkono mle."

Bibi hakumfokea. "Sanda ikibaki imefungwa, jini huingia akaifanya nyumba. Si mwanangu huyo. Akifungwa naye hufunga." Akautazama mpini. "Na hatamwachia mtoto mpaka kifunguliwe. Atakifungua aliyeuvisha mpini huu huku juu."

Kulipopambazuka, kucha za Ratri zilikuwa za bluu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Warsito alifukua kaburi upande wa miguuni tu, mpaka maji yakabubujika mapovu. Wening, ambaye huosha mikono baada ya kushika kitasa, alilala kifudifudi kwenye matope, akafumba mdomo, akaingiza mkono hadi begani. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Akagusa miguu.

Haikufungwa kwa kitambaa. Ulikuwa utepe wa kijani, wenye kunata, kila mzunguko ukilalia uliotangulia kwa milimita mbili, bila kikunjo hata kimoja.

Akapapasa kwa ukucha. Ncha aliyoikosa kwenye mpini ilikuwa huku.

Akaanza kufungua.