Mtu wa Kupigiwa Simu

Ngazi za jengo lile la ghorofa tisa zilijaa watu wanaopanda wakinung'unika, kwa sababu lifti ilikuwa imelala tangu asubuhi. Aliyekuwa akiitengeneza ni dada mmoja mrefu, ovaroli ya buluu, vidole vyeusi kwa grisi, ambaye jengo zima lilimwita Fundi. Alikuwa amechuchumaa ghorofa ya tano akipanga vifaa vyake pale kijana mwenye shati jeupe alipojikwaa kwenye sanduku la bisibisi. Boksi alilobeba likafunguka, na meno ya watu yakaanza kushuka ngazi.

Msishtuke, yalikuwa ya bandia. Kazi ya kijana ilikuwa kutengeneza meno kwenye maabara ndogo mtaa wa pili, na siku hiyo alikuwa akiyapeleka kwa daktari wa meno wa ghorofa ya nane.

"Samahani, dada," alisema, amepiga magoti, vumbi la plasta limemjaa mpaka kwenye nyusi. "Hapo karibu na kiatu chako kuna meno ya bibi wa watu."

Fundi akasogeza mguu. "Ya juu au ya chini?"

"Ya chini. Ya juu yameshafika ghorofa ya nne."

Fundi akacheka. Ilikuwa miezi minane hajacheka kwa sauti, na kicheko kile kilimshangaza mwenyewe. Jioni ilipofika walikuwa wameshapeana namba, na wiki ilipoisha Fundi alikuwa ameshambatiza kijana jina la Meno.

Wakapendana, tena kwelikweli. Mchana walikutana kwenye benchi mbele ya jengo, na kutwa nzima walitumiana ujumbe.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Na mimi umenikumbuka?"

"Nikimaliza kukaza hizi breki nitakukumbuka."

Ila kulikuwa na jambo moja. Fundi hakupokea simu. Kuandika aliandika mpaka vidole vinauma, lakini simu ikiita, aliiacha iite hadi ichoke. Meno alipouliza, alijibiwa kwamba spika imekufa. Naye kwa wema wake akamletea simu mpya, bado ina karatasi yake ya nailoni. Fundi akashukuru, akaitia mfukoni, na hali ikabaki ileile.

Ukweli ni kwamba spika haikuwa na kosa. Miezi minane nyuma, Fundi alikuwa ndani ya shimo la lifti, mkoba wake ameuacha juu. Simu iliita mara kumi na moja. Alipotoka akapokea ya kumi na mbili, ndipo akaambiwa kaka yake, yule aliyemfundisha kazi hii tangu kushika spana, amefariki hospitalini akimuulizia. Tangu siku hiyo hakuweza kuvumilia mlio wa simu. Jasho lilimtoka, pumzi zikakata, na mwili wote ukawa unamwambia kwamba kuna mtu anakufa.

Siku moja Meno alifika kwenye benchi uso umekunjamana.

"Leo nimekupigia mara nne," alisema. "Nilikuwa ng'ambo ya barabara, nakuona. Umeitazama ikiita, ukaigeuza."

"Sikuiona."

"Usinifanye mtoto, mpenzi. Kama kuna mwanamume mwingine asiyetakiwa kunisikia, niambie tu, nitaelewa."

Fundi akaigeuzageuza simu mkononi. Angesema nini? Kwamba mtu anayening'inia ghorofa tisa bila kupepesa jicho anaogopa simu? Aliona haya mno, akanyamaza, na Meno akauona ule ukimya kuwa ndilo jibu.

"Basi. Siku ukiwa tayari kuongea, namba yangu unayo."

Akaondoka zake. Wiki tatu zikapita bila hata ujumbe.

Dada wa mapokezi, aliyemwona akifuta machozi kwa kitambaa cha grisi, alimwandikia namba kwenye kipande cha karatasi. "Huyu mama ni mwanasaikolojia. Anafanya kazi mwenyewe, mtandaoni tu, hukai kwenye foleni ukitazamwa. Alinisaidia sana ndoa yangu ilipovunjika."

Fundi, kwa tabia ya kazi yake, alianza kwa kukagua usajili wa yule mama kama anavyokagua nyaya za lifti. Akaukuta ni halali. Fomu ikaja kwenye simu, inauliza magonjwa, dawa, usingizi. Palipouliza kilichomleta, aliandika kichwa kinauma. Palipotaka mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura, alikwama. Mama mdogo anayeishi naye ana presha, hakutaka kumshtua. Mwisho akaandika namba ya Meno, bila kumwambia.

Kikao kilikuwa Alhamisi saa saba mchana. Nyumbani kuta ni nyembamba, kwa hiyo alijifungia kwenye chumba cha mashine, juu kabisa ya jengo. Kwenye kioo akatokea mama wa makamo, miwani shingoni, nyuma yake rafu ya vitabu iliyopinda.

"Karibu, binti. Kuna anayetusikia huko?"

"Mota tu, mama."

"Mota haina umbeya. Niambie uko jengo gani, nikihitaji kukutumia msaada nijue pa kuutuma. Utakayosema yanabaki kwangu, isipokuwa nikiona uhai wako au wa mtu uko hatarini. Leo tunafahamiana tu. Sitakulazimisha kusema usichotaka. Na mtandao ukikatika, nitakupigia simu ya kawaida."

Kabla Fundi hajafungua mdomo kusema asipige, mtandao ukakatika. Simu ikaita. Akaiweka sakafuni, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akaitazama ikiita hadi ikanyamaza. Kisha ukaingia ujumbe: "Ni mimi. Nitapiga tena baada ya dakika mbili. Ukishindwa kupokea, tutaandikiana."

Hakuna aliyewahi kumruhusu kushindwa. Fundi alilia, akaiokota simu, akaandika: "Usipige, mama. Nilichojaza kwenye fomu si kweli." Akaandika habari zote za kaka yake mpaka dakika hamsini za kikao zikaisha.

"Asante kwa kuniamini," mama akajibu. "Hutapona kwa siku moja. Tuonane kila Alhamisi mara sita, halafu tutazame tumefika wapi. Jambo moja: huyu uliyemwandika kuwa mtu wa kupigiwa simu, anajua?"

"Hapana."

"Muulize kwanza. Na asipotaka, tutatafuta mwingine."

Siku hiyohiyo Fundi akaenda maabara na ovaroli yake. Meno alikuwa akilainisha meno kwa mashine. Akaizima.

"Nimeanza kuongea na mwanasaikolojia," Fundi akasema haraka, kabla ujasiri haujamtoroka. Akamwambia yote, shimo, mkoba, mara kumi na moja.

Meno akavua miwani ya kazi, akakaa. "Na mimi nikakununulia simu nyingine ya kukutisha."

"Hukujua."

"Wiki tatu nzima nimekuwazia mabaya. Usinisafishe haraka."

"Na mimi nilikudanganya. Niliogopa utaniona nimeharibika." Akameza mate. "Nimeandika namba yako, ya kupigiwa nikipatwa na jambo. Nimekuja kuomba ruhusa."

"Unayo."

"Basi toka nje, unipigie."

"Si lazima, Fundi."

"Najua. Nataka."

Meno akatoka kwenye korido, akafunga mlango. Simu ikaita. Fundi akaiweka mezani, ikaita mpaka ikakatika. Meno akachungulia. "Tuache?"

"Rudi nje."

Ikaita tena. Mlio wa tano, akabonyeza.

"Haloo."

"Haloo, mpenzi. Unalia?"

"Ndiyo. Usikate."

"Sikati."

 Kisha Fundi akasema, "Fomu inauliza na uhusiano wetu."

"Umeandika nini?"

"Si ulikuwa umeniacha? Nimeandika rafiki."

"Futa. Andika mchumba."

"Mbona hujaniuliza?"

"Ndiyo nakuuliza."

Fundi akajifuta uso kwa mkono wa ovaroli. "Sijapona, Meno. Kesho huenda nikashindwa kupokea."

"Nitapiga keshokutwa."

"Basi nakubali," akasema, na simu hakuikata. Alitembea nayo sikioni mpaka mlangoni, akaufungua.