Dawa ya Mkwe

Foleni ya dirisha la dawa ilikuwa imefika mlangoni pale bwana mmoja alipojipenyeza mbele, suti ya buluu imembana, viatu vinang'aa, manukato yamemtangulia. Fundi cherehani, aliyekuwa amesimama na cheti cha mama yake tangu asubuhi, alimdaka mkono wa koti.

"Kaka, sisi hapa ni mapambo?"

"Samahani, mrembo. Mimi si mgonjwa. Nimeleta dawa."

"Basi tafuta mlango wa dawa. Huu ni wa wagonjwa."

Watu wakacheka. Yeye naye akacheka, akageuka kumtazama vizuri katika lile gauni la njano alilojishonea mwenyewe likamkaa sawasawa. Foleni haijasogea, namba ya simu alikwisha kuipata.

Kazi ya bwana huyu ilikuwa kuzunguka hospitalini akiwabembeleza madaktari waandike dawa za kampuni yake. Aliwapa kalamu, aliwapa chakula cha mchana, aliwachekea. Nao, watu wazima waliosoma hadi nywele zikawatoka, wakaandika. Wauguzi walimwita Mtanashati.

"Malkia wangu, umekula?" alipiga simu kila mchana.

"Nimekula. Na wewe leo umewadanganya madaktari wangapi?"

"Wachache tu, laazizi. Maneno matamu nakuwekea wewe."

Fundi alicheka hadi sindano ikamchoma kidole. Alimpenda, hakuna cha kuficha. Mama yake alimpenda zaidi, kwa sababu Mtanashati hakuja mikono mitupu: alileta boksi la dhahabu la dawa ya presha, sampuli za kampuni, bure kabisa. "Achana na vile vya dirishani, mama," alimwambia huku akimfungulia mwenyewe. "Vile ni chaki tu." Mama akavitupa vya hospitali, akawatangazia majirani wote kwamba yeye ana mkwe, si wale wakwe wao wa maneno matupu.

Kisha kampuni ikafunga mkono. Sampuli zilikuwa za kuwazoesha watu, na watu walikwisha kuzoea. Dukani boksi lile lilikuwa na bei ya kumfanya fundi ashone bila kula na bado asilipate. Akarudi dirishani, akaja na vidonge vyeupe ndani ya bahasha ya karatasi. Mama akavitazama kama uchafu.

"Chaki sinywi. Namsubiri mkwe wangu."

Mkwe alikuwa safarini kikazi. Mama akawa kila akiulizwa anasema ameshameza, kumbe vidonge anavificha chini ya godoro. Siku moja akaanguka jikoni, mkono wa kushoto umekufa ganzi, akalazwa.

Fundi alipouliza vidonge vyeupe vina tofauti gani na vya boksi, mfamasia wa hospitali alimsikiliza kwa uchovu wa mtu aliyeulizwa swali hilo mara nyingi mno. "Dada, ni dawa ile ile. Tofauti ni boksi. Hata wanaoliuza wanajua."

Fundi akatoka nje, akapiga simu.

"Laazizi..."

"Ulijua ni dawa ile ile?"

"Mpenzi, ile ni lugha ya biashara. Kila mtu anaisema."

"Ulikuwa unamfanyia biashara mama yangu? Njoo wodini umwambie ukweli kwa mdomo wako. Mimi haniamini."

Alikuja, suti ya kijivu safari hii. Bahati mbaya daktari alikuwa akipita vitandani, yule yule aliyezoea kuandika jina la boksi la dhahabu. Ushujaa ukamwisha Mtanashati. Badala ya kusema alichoitiwa, akatoa pete, akapiga goti katikati ya wodi.

"Nikubali," alinong'ona. "Ukiwa mke wangu, kampuni inatibu familia nzima. Mama hatakosa dawa maisha yake yote."

Pete ilikuwa nzuri. Mkono wa fundi ulitaka kuipokea, na hilo ndilo lililomtia hasira zaidi. Kumbe dawa ya mama yake imegeuzwa mahari!

"Na huyu bibi wa kitanda cha pili?" akauliza kwa sauti ya kusikika na wote. "Naye ana presha. Utamwoa?"

"Mie simtaki," bibi akadakia. "Manukato yake yananikaba."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Mama hakucheka.

"Mwanangu," alimwita Mtanashati, "vile vya dirishani ni chaki, au ni dawa?"

Mtanashati akamtazama mama. Akamtazama daktari, aliyekuwa amesimama kusikiliza. Akainuka, akajipangusa goti, akasema amechelewa mkutano. Viatu vyake vilisikika hadi mwisho wa korido.

Mama akanyoosha mkono wake mzima, akafungua kiganja. Fundi akamwekea kidonge cheupe, akamshikia kikombe cha maji.

"Unamlilia?"

"Nilimpenda, mama."

"Hata mimi," mama akasema, akameza.