Penisilini ya Kosgei

Jumamosi hiyo soko la Nakuru lilijaa mpaka watu wakakanyagana. Chepkurui, gauni la maua na kitambaa cheupe kichwani, alikuwa akiuza maziwa mala huku akitania wateja. Kijana mrefu mwenye koti la reli akanywa kibuyu kizima, lakini alipopewa hindi la kuchoma akakataa.

"Kwani wewe ni mtoto mchanga?" akamuuliza.

Kijana akacheka tu. Jumamosi iliyofuata akarudi, na nyingine, mpaka wenzake sokoni wakaanza kumwita Chepkurui bibi wa reli. Wala hakukasirika.

Kijana huyo jina lake Kosgei, fundi wa reli. Utotoni, kwenye shamba la mzungu huko Subukia, alikunywa magadi makali ya kupikia sabuni akidhani ni maji. Koo likapona na makovu, likabana mpaka chini kifuani, na sasa hata uji ulipita kwa taabu. Daktari alikuwa ameamua kumpasua, akate kipande kilichoziba na kuunga upya. Chepkurui alimpenda hivyo hivyo alivyo.

Siku moja kabla ya upasuaji alimpelekea maziwa hospitalini. Akiwa mlangoni akasikia nesi anasema, "Geuka, hii ni penisilini yako."

Moyo ukampasuka. Nani mjini asiyejua penisilini ni ya nini? Ndiyo sindano waliyochomwa wanaume waliotoka kwa wanawake wa vilabuni, wakarudi kazini wakichechemea na kuchekwa. Akaweka chupa chini, akaenda zake. Njia nzima alilia, akaapa kwamba wamemalizana.

Kulipokucha hasira ilikuwapo bado, ila hofu ilikuwa imeizidi. Mtu anakwenda kupasuliwa kifua; je, akifa kabla hajamuuliza? Akarudi.

"Huo ugonjwa wa penisilini umeutoa kwa nani?"

Kosgei akamtazama asielewe. Alipoelewa, aliumia, ikaonekana usoni. "Chepkurui, tangu nikujue, hata chai sijanywa na mwanamke mwingine."

Nesi Eucabeth, aliyekuwa akikunja shuka, akamweleza taratibu. Njia ya chakula haikosi uchafu, na ikikatwa, uchafu huo unaweza kumwagikia kifuani, kidonda kioze kwa ndani. Kwa hiyo wanamchoma penisilini mapema, maana huua vijidudu vya vidonda pia, ili kisu kiikute tayari imo mwilini.

Masikio ya Chepkurui yakawaka kwa aibu. "Nisamehe, mpenzi. Nilikuhukumu kwa maneno ya mtaani."

"Nimekusamehe. Jana walipoikuta chupa yako mlangoni, nilidhani umeogopa kuolewa na mgonjwa."

Wahudumu wakaja na kitanda cha magurudumu. Chepkurui akafuata mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na hapo Eucabeth akamzuia. Jamaa wa mgonjwa tu ndio walioruhusiwa kungoja hapo.

"Wewe ni nani wake?"

"Mke wake."

Kosgei akainua kichwa kutoka kwenye mto. "Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Una neno?"

"Sina," akasema, na wakamsukuma ndani akitabasamu.