Msanifu Aliyekuja Magharibi

Hebu fumba macho kidogo, umwone Hikma. Amesimama peke yake ukingoni mwa machimbo ya mawe yaliyoachwa zamani, nyuma ya magorofa ya Kware. Jua linazama upande wa Industrial Area. Kila roshani imejaa nguo za watoto zinazopepea. Kwenye roshani yake kuna kanga moja tu.

Mjomba wake, Kadar, alitaka kujenga uwanja mdogo wa gofu pale machimboni. Kazi ya kutafuta msanifu wa kuuchora akampa Hikma.

"Usimchague mtu kwa picha nzuri, mwanangu," alimwambia. "Mtembeze kwenye ardhi jua likiwa chini. Vivuli vikirefuka, kila bonde na kila mwinuko hujionyesha wenyewe. Anayeijua kazi atauliza kwanza maji yanakwenda wapi."

Wasanifu wawili walikwisha kuja. Wa kwanza hakuuliza kitu. Wa pili alizungumza na simu yake tu. Wa tatu alitarajiwa jioni hiyo.

"Hodi," sauti ikasema nyuma yake.

Hakuwa amesikia hatua.

Alikuwa mwanamume mrefu, shati limefungwa hadi kooni, na mzigo wa vigingi kwapani. Alinukia udongo uliolowa... na mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi.

"Karibu," Hikma akasema. "Bila shaka utataka kujua maji yanakwenda wapi."

"Maji nayajua," akanong'ona. "Wewe, dada, nyumbani unaishi na nani?"

Angepaswa kushtuka. Lakini tangu mumewe, Zaki, afariki, hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo.

"Peke yangu."

"Aah..."

Wakashuka pamoja. Yule mtu alitembea akipigilia vigingi, kila kigingi mahali pa shimo la gofu. Tak. Tak. Tak. Alimweleza upepo na mteremko kwa upole mwingi, hata Hikma akatamani matembezi yasiishe. Akaamua moyoni: ni huyu.

Kisha akavitazama vivuli, kama mjomba alivyomfundisha. Mawe yalikuwa na vivuli virefu. Vigingi pia.

Kivuli cha mtu kilikuwa kimoja tu.

Chake Hikma mwenyewe.

Akageuka. Hakuona mtu.

"Kidosho..."

Sauti ilitoka chini kabisa ya machimbo. Jina hilo lilikuwa la Zaki pekee. Alimwita hivyo mlango ukishafungwa.

Bibi yake wa Majengo alimwonya tangu utotoni: ukiitwa magharibi na humwoni anayekuita, nyamaza. Ukiitika mara ya kwanza, umemfungulia mlango. Ukiitika mara ya pili, umeondoka naye.

Hikma alijua. Alijua vizuri kabisa. Lakini ilikuwa zamani sana tangu aitwe...

"Abee," akaitika.

Mdomo ukamjaa ladha ya udongo. Miguu ikaanza kuteremka yenyewe.

"Kidosho..."

Akafumbua midomo.

"Madam! We, madam!" Alikuwa Mulama, mlinzi wa getini, anateremka mbio. "Unabonga na nani huko chini? Unataka kuvunjika shingo?"

"Na... msanifu."

"Msanifu gani? Amepiga simu saa hii. Amekwama kwa jam ya magari, anasema atakuja kesho."

Kesho yake akaja kweli, mtu mchangamfu, jina lake Wahome. Akauliza maji yanakwenda wapi. Kisha akaviona vigingi, akapiga mluzi.

"Nani amenitangulia? Huyu ananishinda! Ila hiki cha chini kabisa sikielewi. Hapa mtu hawezi kucheza. Labda alale."

Akacheka. Mjomba Kadar akacheka. Wahome akapewa kazi.

Kigingi kile kiling'olewa. Asubuhi iliyofuata kilikuwa kimesimama palepale.

Siku hizi, kila magharibi, Hikma huketi chumbani kwake na kuwasha redio. Nje ya mlango husikia: tak... tak... Kisha jina lile la Zaki, polepole, kwa sauti ile anayoipenda.

Hajaitika mara ya pili. Bado.

Lakini jioni nyingine huizima redio, ili asikie vizuri.

Nakuomba basi ukumbuke jambo moja tu. Kama una jirani anayeishi peke yake, mwite jina lake mchana, jua lingali juu. Mwite wewe, kabla hajaitwa.