Pumzi ya Pili ya Sulbha

Kila jioni kengele ya mwisho ilipolia, wavulana waliuvamia uwanja wote na kriketi yao, wakawaachia wasichana kipembe cha udongo mweusi kando ya tangi la maji. Wasichana hawakulalamika. Kabadi haitaki gongo wala mpira; inataka miguu, mikono na pumzi.

Kwa pumzi, hakuna aliyemfikia Sulbha, binti wa mwenye duka. Aliingia upande wa wapinzani akitamka "kabadi, kabadi, kabadi" bila kuvuta hewa, maana anayevuta hutolewa, akamgusa mmoja, akarudi mstarini angali anatamka. Darasani mdomo huohuo ulimletea adhabu mara tatu kwa wiki.

"Una mapafu ya nyati, wewe," rafiki yake Ketaki alimtania.

"Na wewe una mikono ya kupe. Ukishika huachii!"

Lakini kila mwaka, sikukuu ya Diwali ikipita, wazazi wa Ketaki walipanda tela la trekta na vyungu vyao, wakaenda mbali kukata miwa kwa miezi sita. Ketaki alikwenda nao kubeba mafungu na kumlea mdogo wake mchanga. Alirudi na viganja vilivyokwaruza kama msasa, na masomo yamemwacha nyuma.

Mwaka huo Mwalimu Ghorpade, mama aliyefundisha michezo, alileta habari: shule ya michezo ya mjini, yenye mikeka ya kisasa na bweni, ingechukua msichana mmoja.

"Mmoja tu. Msinitolee macho, si mimi niliyepanga," alisema. "Sulbha na Ketaki, chagueni timu. Nahodha atakayeshinda ndiye atakayekwenda."

"Nikishinda, baba amekubali nisiende kwenye miwa," Ketaki alimnong'oneza Sulbha.

Walicheza mpaka wakalingana. Likabaki shambulio la mwisho, na mshambuliaji alikuwa Sulbha. Aliwagusa wawili, akageuka kukimbia, na hapo Ketaki akamkumbatia kiunoni. Sulbha alimburuta. Mstari ulibaki shubiri moja tu, kifua kinaungua, pumzi imekwisha. Akainamisha uso kwenye bega la Ketaki, akanyonya hewa kidogo kwa pua, akaendelea: "Kabadi, kabadi!" Kidole chake kikafika mstarini.

"Amevuta!" Ketaki alipiga kelele. "Mwalimu, nilikuwa nimemkumbatia! Nimesikia mbavu zake zinajaa!"

Kwa vifijo vilivyokuwepo, mwalimu hakuwa amesikia kitu. Desturi yao ilikuwa moja: penye shaka, mshambuliaji huulizwa, na jibu lake ndilo la mwisho.

"Sulbha, ulivuta?"

"Sikuvuta."

"Basi," mwalimu akasema, akaandika jina lake kwenye fomu ya shule ya mjini.

"Mikono imemshinda, sasa anashika watu kwa mdomo!" wenzao walimcheka Ketaki. Tangu siku hiyo wakamwita Mbavu. Sulbha naye alicheka, kidogo tu, asije akaonekana hacheki.

Siku ya tisa, alfajiri, matrekta yalipita mbele ya duka. Sulbha alimwona Ketaki juu ya tela, kati ya vyungu, mtoto mapajani. Alimpungia mkono. Ketaki akageuza uso.

Sulbha alikimbia bila viatu mpaka kwa Mwalimu Ghorpade, akamkuta anasuka nywele.

"Mwalimu, nilivuta."

Mwalimu aliacha msuko nusu, akawasha skuta. "Panda. Fomu inaondoka leo mchana."

Waliyafikia matrekta njia panda. Mwalimu alieleza yote mbele ya watu, wala hakuipamba habari. Mama yake Ketaki alimpokea mtoto, akamkabidhi binti yake kifurushi cha nguo. Ketaki akashuka.

"Nisamehe," Sulbha alisema.

"Siku tisa, Sulbha! Hata mama aliniuliza kwa nini namsingizia rafiki yangu." Akampita, akakaa kwenye skuta.

Sulbha alifuta machozi. "Mwalimu, si nimesema kweli? Atanisamehe lini?"

"Sijui, mwanangu, na mimi siwezi kumwamuru," mwalimu alijibu. "Mjini kuna waamuzi kila pembe. Sisi huku tuna neno la mchezaji, na bibi zetu walicheza hivyo miaka yote kwa sababu kila mmoja alikubali kujitoa mwenyewe mchezoni akivuta. Wewe hukuiba pointi tu. Ulimfanya msema kweli aitwe mwongo. Umefanya vizuri kusema, na nafasi imerudi kwa mwenyewe. Lakini ukweli uliocheleweshwa haurudishi kila kitu, na hilo utaishi nalo. Kesho njoo mazoezini. Wenzako watakutilia shaka kwa muda mrefu, na wana haki. Usinune. Cheza kwa haki hata wasipokuamini."

Skuta haikuwa na nafasi ya mtu wa tatu. Sulbha alirudi kijijini kwa miguu.