Amri Isiyoulizwa Mara Mbili

Ndugu zangu wa Masasi na Newala, asubuhi ile ilianza kwa amani. Hamidu alikuwa barazani kwake Masasi, kompyuta mapajani. Mkewe, Faidha, alikuwa Makote kwa mama yake akisubiri kujifungua mtoto wa pili, baada ya Mujibu. Mnajua maji yanavyopanda kwa taabu huko juu. Pampu ya maji ya Makote, Hamidu ndiye aliyekuwa akiiwasha kutoka Masasi, kwa mtandao.

Ili wahuni wa mtandaoni wasiiguse, alikuwa na programu ya kuandikia amri: huyu aingie, yule azuiwe. Kila amri, programu iliuliza, "Una uhakika?" Usipojibu, ilirudisha mambo yalivyokuwa. Hamidu alichukia kuulizwa. Siku hiyo akaiboresha, kama alivyodai mwenyewe, akaling'oa swali.

Simu ikaita.

"Baba Mujibu, uchungu umeanza, niko zahanati, na wanasema maji ya tangi yanakaribia kuisha. Utawasha pampu?"

"Nitawasha."

"Na ile programu uliyokuwa unaibadilisha, haitaleta shida?"

"Faidha, mimi siulizwi mara mbili."

Akakata simu. Ndivyo alivyokuwa nyumbani kwake siku zote, na sisi majirani tulisikia tukanyamaza.

Akaijaribu programu yake mpya. Amri ya kwanza ilikuwa kufunga milango yote ya mtandao ya kuifikia pampu. Ya pili, kujiachia mlango wake mwenyewe. Ya kwanza ikatekelezwa papo hapo. Ya pili haikufika, maana mlango wa kupitia ulishafungwa, na swali la kurudisha mambo halikuwepo tena. Pampu haikuwaka.

Ufunguo wa nyumba ya pampu aliushika mama mkwe wake, Bi Mwanakombo, katibu wa kamati ya maji. Simu moja ingetosha. Lakini kwetu mkwe huheshimiwa hadi huogopwa, na Hamidu aliona bora afe kuliko kukiri kosa lake mbele yake. Akachukua bodaboda kwenda Makote mwenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye mlima wa Newala wakakwama topeni. Hapo nesi akampigia: tangi limekauka, na mtoto anakuja.

Akampigia mkwe.

"Shikamoo, mama. Nimeharibu. Pampu nimeifunga mwenyewe."

"Marahaba. Niambie la kufanya, baba."

"Ubavuni mwa pampu kuna swichi nyekundu. Igeuze."

Maji yalipanda, lakini yalikuwa yamechelewa. Faidha alishasafishwa kwa maji ya dimbwini. Mtoto yuko salama. Faidha mwenyewe alishikwa na homa ya uzazi, akalazwa hospitali, na kizazi kikaondolewa. Inaniuma hata kuandika.

Hamidu aliketi kando ya kitanda, akamuuliza kwa nini hakumwambia mama yake mapema awashe pampu.

"Nilitaka kukupigia tena nikuulize kwanza," Faidha alisema. "Nikaogopa."

FUNZO

Kuuliza si ujinga, na kuulizwa si kudharauliwa. Chombo kinachoshika uhai wa watu kisinyang'anywe swali lake kwa sababu limekukera. Ukikosea, sema upesi, hata kwa mkwe. Nanyi wanaume wenzangu, mkeo akikuuliza mara ya pili, mjibu. Na sisi majirani tuliosikia tukanyamaza, tuna sehemu yetu katika haya.