Salamu za Kiti cha Tatu

Mwanamume asiye na unywele hata mmoja kichwani ana shughuli gani kwenye saluni ya wanawake, tena Jumamosi? Mvua, wapenzi wangu. Mvua ndiyo iliyomsukuma ndani, shati jeupe limemganda mgongoni, kipara kinang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Akasimama katikati ya mashine zinazovuma, harufu ya mafuta, na wanawake waliosukwa nusu kichwa huku nusu nyingine imesimama kwa hasira. Kelele zikakatika.

Msusi wa kiti cha tatu, mwenye gauni la maua ya njano na kitana kimechomekwa juu ya sikio, alimtazama toka juu hadi chini, kisha akarudi juu, maana huko ndiko kulikokuwa na mambo.

"Karibu, kaka. Tukusuke rasta au mabutu?"

Saluni nzima ikaangua kicheko.

"Yoyote, dada. Ila nywele nimezisahau nyumbani."

"Basi kaa pale, usitulowanishie wateja."

Akakaa mbele ya runinga. Kituo kilichokuwa kimefunguliwa kilipiga muziki mchana kutwa, na chini ya kioo chake zilipita salamu ambazo watazamaji walituma kwa simu. Mgeni wetu alikuwa mfanyakazi wa kituo hicho hicho. Kazi yake ilikuwa kuzisoma salamu na kuzipandisha hewani, ila siku hiyo mwenzake ndiye aliyekuwa zamuni. Akamwona msusi anageukia ukutani, anabonyeza simu kwa kidole chenye mafuta. Punde si punde ikapita: *Salamu zimfikie msusi wa kiti cha tatu, kutoka kwa anayempenda sana.*

"Haya, leo tena!" akapaza sauti mama mwenye saluni. "Huyu ana mtu wake kamficha."

Msusi akainamisha uso kwa haya. Kipara naye akainamisha wake. Salamu hizo alizijua. Leo za mpenzi, kesho za dada wa mbali, keshokutwa za wajomba wote kwa pamoja, na zote zilitoka kwenye namba moja. Alikuwa hajui tu kwamba mwenye namba ana vishimo mashavuni. Akanyamaza. Mwanamume anayejua kunyamaza ni wa kuwekwa kwenye kabati la vioo, pamoja na vyombo vya wageni.

Mvua ikakatika, yeye hakukatika. Alipoondoka hatimaye, aliondoka na namba ya simu. Namba alikuwa nayo, lakini alijifanya kuiandika, tena akaomba irudiwe.

Tangu hapo salamu zilipita kila siku, kutoka kwa Kipara kwenda kiti cha tatu, na msusi hakujitumia tena. Jioni ikawa simu.

"Unafanya nini, mpenzi?"

"Nakunywa chai. Nimeipika nyingi tena. Miaka yote hii naishi peke yangu, na chai ya kikombe kimoja sijaiweza."

"Inayobaki?"

"Naimwaga."

"Dhambi hiyo."

"Si uje uizuie?"

"Nikija nitaondoka?"

"Eti! Hebu kalale, wewe."

Naye kweli akaenda kulala. Wanaume wengine ukiwafungulia mlango wanasimama kusifia bawaba.

Kisha kituoni akaja bosi mpya, viatu vyenye ncha na maneno kama bomba lililopasuka. Muziki, akasema, watu wanausikiliza kwenye simu zao. Kwenye runinga wanataka kuona watu wenzao wakigombana, wakilia na kuchumbiana. Nyimbo zikasogezwa alfajiri, halafu hata alfajiri wakawekwa wapishi wanaotukanana. Mahali pake ikaja nyumba yenye bwawa, humo wamefungiwa vijana wazuri watafute wachumba mbele ya kamera. Mstari wa salamu ukafutwa. Kipara akahamishiwa kwenye taa, akasainishwa mkataba wa kufunga mdomo: ya nyumba ile asimwambie hata mama yake mzazi.

Siku ya kwanza bila salamu, msusi alitazama chini ya kioo mchana kutwa, kama mtu anayeangalia njia. Jioni chumbani kwake aliosha kikombe chake kimoja, akakifuta, akakiosha tena. Hakuwa na jingine la kufanya.

"Uko wapi?" alimuuliza Kipara kwenye simu.

"Kazini."

"Kazi gani?"

"Ya taa. Zaidi ya hapo siruhusiwi kusema, mpenzi."

"Haya. Na mimi chai yangu siruhusiwi kusema."

Siku moja alasiri Kipara akapiga, sauti imeziba. "Niko kitandani. Mafua yamenikamata, pua inatiririka kama ya mtoto."

"Pole, mume wangu," msusi akasema, na neno hilo lilimtoka bila kuaga. Akakata simu upesi, mashavu ya moto.

Saa hiyo hiyo kipindi kikaanza kwenye runinga ya saluni. Pembeni ya kioo maandishi mekundu: MOJA KWA MOJA. Na kando ya bwawa, ameketi na mrembo wa gauni jekundu lililobana mpaka likaomba msamaha, alikuwa Kipara. Anacheka mpaka anajishika tumbo, huku chini yake wimbo wa mahaba unalia polepole.

"Huyo si shemeji yetu?" akauliza mteja.

"Ndiye," akajibu mwingine. "Kichwa kile kipo kimoja tu duniani."

Msusi akaweka kitana chini. Siku za salamu alikuwa akibonyeza simu, na hapo hapo zinapita. Kioo kile hakikuwahi kumchelewesha wala kumdanganya. Akazima simu. Nyumbani akapika chai, akaimwaga yote.

Kesho yake na keshokutwa yake simu haikuwashwa. Siku iliyofuata, saluni imejaa, Kipara akaingia, shingo imeviringwa kitambaa cha sufu.

"Tumefunga," akasema msusi, huku anasuka.

"Mpenzi, ile ilirekodiwa wiki iliyopita. Moja kwa moja ni maandishi tu. Waliniweka kitini wapimie taa, kisha wakaitumia."

"Na kucheka walikupimia pia?"

"Nilikuwa namwambia yule dada habari za mwanamke aliyenikuta na kipara, akaniuliza nataka rasta au mabutu. Sauti yangu wakaifuta, wakaweka wimbo."

"Kituo kizima kimefukuza muziki, kikabakiza wimbo mmoja wa kukusingizia wewe?"

Kipara akafungua mdomo ajibu, akapiga chafya iliyopeperusha rasta za bandia mezani. Akaongeza nyingine. Ya tatu ilimfikia mteja kisogoni.

"Jamani, haya si mafua ya kuigiza," akasema mama mwenye saluni. "Mwoshe huyo kichwa na maji ya moto kabla hajatumaliza."

Akaketishwa kwenye beseni. Msusi akamwagia maji, mkono wake ukapita taratibu juu ya kile kichwa kisicho na cha kuoshwa.

"Watazamaji wamenipenda," Kipara akasema, amefumba macho. "Bosi alitaka niingie mle ndani, nitafute mchumba. Nimekataa. Kazi imeishia hapo."

Maji yakasimama. Msusi akainama sikioni kwake.

"Sasa na mimi nikwambie langu. Zile salamu za zamani, kabla yako, hapakuwa na mtu. Nilikuwa najitumia mwenyewe."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua. Namba ilikuwa moja."

"Na hukunicheka?"

"Nilikuwa nazipandisha kwanza, kabla ya za watu wote."

Kwenye runinga ukutani watu wa nyumba ya bwawa walikuwa wanarushiana maneno, na chini ya kioo hapakupita kitu. Msusi akaanza kumfuta kipara kwa taulo, akakifuta hata kilipokuwa kimekauka zamani. Kipara akakohoa, akasema kwa sauti yake ya mafua, saluni nzima isikie:

"Salamu zimfikie msusi wa kiti cha tatu, kutoka kwa asiye na nywele wala kazi. Ujumbe: leo chai isimwagwe."

Msusi akajificha uso kwa lile taulo bichi.

"Kikombe ni kimoja," akasema humo ndani.

"Tutapokezana."